Makala ya Kisima cha Mwanangu

Mjukuu wangu aliingia Jumamosi asubuhi, hakuvua buibui, hakuuliza kama kuna chai, akapita moja kwa moja hadi jikoni na kukaa juu ya mbuzi. Mtu hakai juu ya mbuzi ila ana nazi mkononi au akili zake haziko naye. Nikamwambia ainuke kabla meno ya mbuzi hayajamchana nguo. Hakuinuka. Hata shikamoo alinipa akitazama sakafu.

Huyu ni mtoto wa mwanangu wa kiume, yule aliyefia kazini bandarini. Nimemlea mimi. Mama yake alipoolewa tena alibaki kwangu, na sikumlea kwa kumbembeleza. Amesoma hadi ikafika mahali nikaacha kuuliza anasoma nini, maana jibu lilikuwa refu kuliko swali. Mimi elimu yangu ni ya chuoni kwa maalim, kisha ukubwani nikaenda gumbaru nikajifunza herufi hizi ninazoandikia. Yeye anafundisha chuo kikuu, ila kwa mkataba wa muda, ule wa leo upo kesho haupo.

Kiangazi kilichopita alizunguka Likoni nzima na chupa zake, akichota maji ya visima na kuyapeleka kupimwa. Nilimcheka sana. Nilimwambia kama shahada zote zile zilikuwa za kuteka maji, angenieleza mapema nikamnunulia ndoo, tukaokoa karo. Naye akicheka. Kuchota kwenyewe hakujui, kamba ilikuwa ikimkata viganja.

Siku hiyo juu ya mbuzi hakuna aliyecheka. Akasema, "Nyanya, kisima cha baba kina tatizo."

Lazima nieleze kisima hicho ni nini kwangu. Mwanangu alipofariki kazini walitoa fidia. Watu wakanishauri nijenge vyumba nipangishe, nile uzeeni. Sikuwasikiliza. Ile ilikuwa bei ya mtoto wangu, na sikutaka ipite kooni mwangu. Nikaita wachimbaji, wakachimba nje ya msikiti wa mtaa wetu, hapa Shika Adabu, wakapasua jiwe kwa sururu mpaka wakakutana na maji matamu, si haya ya chumvi yanayokataa povu la sabuni. Nikakitoa wakfu. Ni sadaka isiyokatika. Kila anywaye, kila atawadhaye, thawabu humwendea yule aliye kaburini. Maiti hana mkono tena wa kujifanyia jema. Mkono wa mwanangu ni kile kisima. Tukabandika ukutani kibao cha saruji chenye jina lake, na chini yake tukaandika kwamba anayekunywa amwombee.

Watu humwombea. Nimeketi pale mara nyingi nikawasikia kwa masikio yangu.

Sasa mtoto wake ameketi jikoni kwangu ananiambia maji yale yana kitu ndani. Akanieleza taratibu, maana anajua sipendi kuelezwa kama mtoto. Tulipochimba, pembeni palikuwa mihogo na minazi. Leo ni nyumba za kupangisha, na kila nyumba ina choo chake cha shimo, na jiwe letu la pwani ni kama vibibi vya mchele, vitundu juu mpaka chini. Kinachotoka vyooni kinapenya. Kitu chenyewe hakina rangi, hakina harufu, hakina ladha. Mtu mzima anaweza kukinywa asijue. Lakini mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya chupa kwa maji yale, kitu hicho huingia damuni kikaifanya ishindwe kubeba pumzi. Mtoto hugeuka rangi midomoni.

Nikamwambia, "Basi watu wachemshe."

"Kuchemsha hakukiondoi. Ukichemsha sana ndiyo unakizidisha, kama mchuzi unavyokolea chumvi."

Nikazima jiko. Sikuwa na haja ya chai tena.

Nikamuuliza, sasa ataka nini kwangu, mimi si daktari wala si fundi bomba. Hapo ndipo akatoa lililomleta. Kazi yake ile ya kupima maji ameiandika ikawa makala, na makala ya wasomi huwa hayakai tu mkobani, hutolewa kwenye majarida yao. Na yeye alikuwa na majarida mawili mbele yake, hajui makala yake ayapeleke kwa lipi.

La kwanza ni la mbali, huko Ulaya. Ni jarida kubwa, na limo katika yale ambayo wakubwa wake chuoni huyahesabu. Ukiyapeleka hapo, wasomi usiowajua nao hawakujui huyasoma na kuyachambua, wakarudisha, ukatengeneza, wakarudisha tena. Huenda ukapita mwaka na zaidi. Yakitoka yamefungiwa, asomaye alipe, tena kwa Kiingereza ambacho yeye mwenyewe mwandishi hukisoma mara mbili. Lakini wakubwa wake walikuwa wamemwambia, akionyesha tu kwamba jarida lile limeyapokea na linayasoma, mkataba wake watausogeza. Yakitoka, ataajiriwa moja kwa moja.

La pili ni jarida dogo la chuo kimoja cha huku huku pwani. Lenyewe hutoa upesi, na mtu yeyote mwenye simu hulifungua bure, na mbele ya kila makala huweka muhtasari wa Kiswahili. Maofisa wa afya wa hapa hulisoma. Ila katika yale yanayohesabiwa, halimo. Kwa wakubwa wake, kuandika humo ni sawa na kutoandika.

Nikauliza kwa nini asipeleke kote kuwili. Akasema ni mwiko. Yakishatoka huku, kule hawayataki tena, na yakiwa kule, huku hayaruhusiwi. Hilo nikalielewa haraka. Binti mmoja hapokelewi posa mbili.

"Sasa wewe moyo wako uko wapi?"

"Sijui, nyanya. Ndiyo nimekuja kwako. Kisima ni cha baba."

Nikamwambia apeleke mbali.

Sikufikiri sana, wallahi. Nilijua yakipelekwa mbali kisima hakitafungwa mwaka huu wala pengine mwaka ujao, na mwanangu hatakatikiwa. Nilijua mjukuu wangu atapata kazi ya kudumu. Akapumua, nikaona mabega yake yakishuka. Akainuka juu ya mbuzi, akavua buibui, akasema ana njaa. Nikawasha jiko tena. Tukala mahamri yaliyolala, tukazungumza mambo ya harusi ya binti wa mtaa wa pili, na hakuna aliyetaja maji. Alikuja nimpe ruhusa, nami nikampa. Yeye akajiambia amefanya kwa ajili yangu na baba yake, mimi nikajiambia nimefanya kwa ajili yake. Tukafichana nyuma ya migongo yetu hivyo hivyo, na mahamri yakaisha.

Jioni ile ile nikatoka kwenda msikitini. Kisimani nikamkuta jirani yangu, mama mmoja wa bara, mpangaji wa nyumba inayopakana na yangu ukuta kwa ukuta. Ni mkristo, yuafanya zamu katika kiwanda kimoja huko Changamwe, anavuka maji mara mbili kila siku ya Mungu. Ana mtoto mchanga. Kwa ile kazi ya kusimama kutwa, maziwa yake yalikauka mapema, mtoto akawa wa chupa. Nilimkuta amejaza mtungi wake, akagusa kile kibao cha saruji kwa vidole viwili kama afanyavyo siku zote.

"Mungu amlaze pema huyu kijana wako, shosho," akaniambia. Hao wa bara hutuita hivyo sisi wazee wa kike. "Maji yake yametuokoa. Ya kununua kwa mkokoteni, bei ya mtungi sasa haishikiki."

Nikamuuliza kama ya mtoto huyachemsha. Najua kwa nini niliuliza. Nilitaka aseme hapana, nimgombeze, niende zangu.

"Ya mtoto nachemsha mara mbili, shosho."

Nikasimama pale na tasbihi mkononi. Mama yule alikuwa amefanya kila alichofundishwa kliniki. Alikuwa mwangalifu kuliko wote, na uangalifu wake ndio uliokuwa ukikoleza mchuzi. Na katika kunywesha mwanawe alikuwa akimwombea mwanangu. Dua na dhara zilikuwa ndoo moja. Sikuweza kuswali. Nilisimama safuni, nikainama wenzangu walipoinama, sikumbuki sura iliyosomwa.

Kesho yake nikamwendea. Mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu, nikamwambia asichote tena kwenye kile kisima, hasa kwa ajili ya mtoto.

Akaniangalia. Uso wake ukafungika kama dirisha. "Kwani kumesemwa nini?"

"Maji si mazuri."

"Ninyi si mnayanywa? Jana hata imamu nimemwona akinawa." Akaweka chini nguo alizokuwa akianika. "Shosho, kama kimekuwa cha Waislamu peke yake, si useme tu. Sisi watu wa kuja tumezoea. Kila mwaka wa kura tunaambiwa turudi kwetu. Lakini sikutarajia kwako."

Nikamwapia kwamba si hivyo. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kuamini kwamba ni hivyo hivyo. Ningesema nini? Kwamba mjukuu wangu amepima? Mjukuu wangu alikuwa ameonywa na mwalimu wake asiyatangaze kabla hayajatoka, ati wapo watu huyadaka matokeo ya mwenzao wakayatoa kwa jina lao. Nikasema hata hilo, nikasema kuna kipimo. Akaniuliza kiko wapi akione. Sikuwa nacho. Tangu siku hiyo akawa anachota saa ambazo anajua nimo ndani napika, na salamu akanipunguzia hadi ikawa mdomo mmoja.

Nikaona basi, kisima ni changu, nitakifunga mwenyewe. Nikamwendea mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Ni mtu mzima mwenye duka la vipuri vya baiskeli, mpole, nilimjua tangu akikimbia bila kanzu. Alinipa kiti na soda. Nikamwambia nataka kufuli.

"Bi mkubwa," akasema, "ulipotoa, ulitoa. Kisima si chako tena, wala si changu."

"Basi ni cha nani?"

"Ni cha Mwenyezi Mungu. Sisi ni walinzi tu."

"Basi mlinzi, funga."

Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki, akaacha. Wakfu haurudi, akanieleza, hilo hata mimi nalijua. Aliyetoa hana amri tena ya kufunga wala kufungua. Kamati yaweza kukifunga kwa sababu iliyo wazi, lakini kwa neno la mdomo la bibi mmoja, waumini watauliza, na udhu wachukulie wapi, na wapangaji wote wale waende wapi. Akaniomba nimletee kitu kilichoandikwa na wenye elimu yao, kikatolewa hadharani, kila mtu akisome kwa lugha anayoijua. Hapo atasimama mbele ya watu bila kuona haya.

Nikamuuliza jambo moja zaidi, na hilo lilinitoka kwa shida. Nikamuuliza, kisima kikifungwa, mwanangu huko aliko amekatikiwa?

Akazungusha kifuniko cha soda vidoleni muda mrefu. "Mimi si mwanachuoni, bi mkubwa. Mambo ya ghaibu siwezi kukujibu. Ningekujibu ningekudanganya."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikapita njia ya mbali ili nisipite kisimani. Mpaka leo swali lile sijampata wa kunijibu. Wengine wameniambia nia yatosha. Wameniambia kwa haraka, kama watu wanaotaka uache kulia uondoke.

Nikampigia simu mjukuu wangu. Nikamuuliza kama ameshapeleka. Akasema bado, anamalizia kupanga marejeo, atapeleka kabla ya wiki kwisha. Nikamwambia asipeleke, aje.

Alikuja na kompyuta yake na uso wa vita. Alishajua. Tulikaa barazani uani, na nitaandika tuliyosemezana kama yalivyosemwa, maana sijawahi kugombana naye namna ile na sitaki kuyapamba.

"Huyo wa Ulaya atakayeyasoma," nikamwambia, "yuanywa maji ya hapa?"

"Nyanya, si hivyo inavyokwenda."

"Inakwendaje?"

"Yakitoka kule, yana uzito. Serikali itasikia, wafadhili watasikia. Yakitoka kwenye kile kijarida, watu watasema ni maneno ya mtaani."

"Mwaka mmoja na zaidi. Mtoto wa jirani atakuwa ameota meno au ameota udongo."

Akasema, kwa sauti ndogo, "Unajua nikipeleka huku kazi imekwisha."

"Najua."

"Na kisima cha baba kitafungwa."

"Najua."

"Ni wewe uliniambia nipeleke mbali. Kwa kinywa chako."

"Niliposema nilikuwa sijamwona yule mama akichemsha mara mbili."

Akaanza kulia kwa hasira, machozi anayafuta kama anayapiga makofi. Akasema mimi siku zote ni hodari wa kutoa. Nilipewa fidia nikaitoa yote, yeye akasoma kwa kuomba omba basari, viatu vya shule vikiwa vya kuazima. Sasa natoa na kazi yake. "Baba alikuwa mmoja," akasema. "Mimi niliyebaki ni mzima, nyanya. Mimi nakula."

Lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la kweli, na kwa sababu lilikuwa limekaa ndani yake miaka yote ile akinipa shikamoo juu yake. Nikasema, "Mimi nimesema langu. Kalamu ni yako." Nikaingia ndani, nikaanza kuchambua mchele usio na mawe.

Alikaa barazani mpaka jua likapinda. Hakuniambia amepeleka wapi. Nilijua kwa sababu alipoingia alikiangalia chakula na hakula.

Makala yakatoka baada ya wiki chache, katika lile jarida dogo la pwani. Alinionyesha kwenye simu, jina lake juu, na jina lake ni la baba yake pia. Mwingine angepiga vigelegele. Chuoni kwake hawakumfukuza. Mkataba ulifika mwisho wake tu na hapakuwa na wa kuusogeza. Alihamisha vitabu vyake kwa maboksi ya mafuta ya kupikia, akarudi chumba alicholala akiwa mdogo. Asubuhi huwafundisha watoto wa watu hesabu nyumba kwa nyumba. Sijamsikia akinung'unika, na ningependa anung'unike.

Mwenyekiti wa kamati alitimiza neno lake. Baada ya swala ya alasiri alisimama nje ya msikiti, watu wakakusanyika, wake upande mmoja waume upande mmoja, na wapangaji wakristo nao wakasimama ng'ambo ya njia wasikie. Akausoma ule muhtasari wa Kiswahili kwenye simu yake, ameisogeza mbali na macho. Sauti yake ilikuwa nzuri. Akasoma kwamba visima kadhaa vya Likoni vimepimwa, na baadhi havifai kwa watoto wachanga hata maji yakichemshwa. Akasoma kwamba cha nne hakifai, cha sita hakifai, na cha tisa kimezidi vyote.

Watu wakatazamana. Mmoja akauliza cha sita ni kipi. Mwenyekiti akatafuta, akapandisha, akashusha, hakuona. Makala hayakutaja kisima kwa jina wala kwa mahali. Yalitaja kwa namba tu. Nikaona nyuso zikilegea moja moja. Kila mtu alijua moyoni kwamba kibaya ni cha wenzake.

Nikamgeukia mjukuu wangu, tuko bega kwa bega. Akaninong'oneza kwamba alilazimika. Aliwapa wenye visima neno lake kwamba hatawataja, na bila neno lile hakuna ambaye angemruhusu hata kuchovya chupa. Nikamuuliza, na mwenye kisima akijitaja mwenyewe? Akasema hilo ni la mwenyewe, akanipa sikioni namba ya chetu.

Mimi sijawahi kuinua sauti mbele ya msikiti. Mama zangu wangefadhaika. Lakini niliiinua. "Cha sita ni hiki," nikasema. "Hiki cha mwanangu."

Mtoto mmoja akadondosha kikombe cha bati, kikabingirika mpaka kikatulia chenyewe. Kamba ikafunguliwa siku hiyo hiyo, na kifuniko cha chuma kikaletwa kutoka kwa fundi, na kufuli nililolitaka nikalipata. Mama mmoja tuliyesoma naye chuoni kwa maalim akanipitia karibu akasema, si kwa kuficha, "Bibi amemkata mwanawe thawabu ili mjukuu apate cheo." Mjukuu alikuwa amesimama pale pale, na cheo chake kilikuwa kwenye maboksi ya mafuta.

Jirani yangu wa bara alikuja usiku wa kuamkia Jumapili yake, amembeba mtoto, akasimama mlangoni. Akasema, "Shosho, nilikuelewa vibaya." Nikamwambia aingie. Nikamtazama yule mtoto midomo kwa muda mrefu, chini ya taa. Ilikuwa ya rangi yake. Sijui kama ni kwa bahati au ni kwa rehema, lakini nilipumua kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi.

Pumzi hiyo haikudumu. Maji ya mfereji, yale ya bomba la mji, kwetu huja yanapotaka, na ya mkokoteni ni ya mwenye nacho. Kisima chetu kilipofungwa, mitungi yote iliyokuwa ikipanga foleni msikitini ikaanza kuteremka bondeni, kwenye kiwanja cha mtu binafsi mwenye kisima cha pampu. Niliwaona kutoka barazani, wakishuka na mitungi mitupu, wakipanda imejaa. Siku ya kwanza niliwatazama tu. Siku ya pili nikaanza kutazama lile bonde lenyewe, na nyumba zilizo juu yake pande zote, na vyoo vya nyumba zile.

Nikamwita mjukuu wangu. "Abee," akaitika toka jikoni, akaja amekausha mikono.

"Kile cha bondeni ulikipima?"

"Nilikipima."

"Ni namba ngapi?"

Akaniangalia. "Nyanya, nilimpa neno."

"Ni cha tisa?"

Alirudi jikoni, nikamsikia akiosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeviosha mimi asubuhi. Akikitaja, hakuna mwenye kisima Likoni hii atakayemfungulia mlango tena, yeye wala mwingine atakayekuja na chupa baada yake. Asipokitaja, jarida liko wazi, la bure, kwa Kiswahili, kila mtu ana haki ya kulisoma, na wote wamelisoma, na wote wanashuka bondeni.

Nikiwa pale pale barazani, yule jirani akapanda kutoka chini, mtungi kichwani, mtoto mgongoni amefungwa leso. Akaniamkua kwa furaha. Akasema kule chini foleni ni fupi, na ya mtoto atayachemsha kama kawaida.

Nikamwambia asimame. Nikamwambia, "Na hayo usimkorogee mtoto."

Jikoni vikombe vikanyamaza.

Safari hii hakunikasirikia. Alishika mtungi kwa mkono mmoja usimwagike, akaniangalia kama mtu aliyechoka kuangalia watu. "Sawa, shosho. Nimekusikia," akasema. "Sasa niambie wewe. Nikachote wapi?"

Mfereji wangu ulikuwa mkavu tangu juzi. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, mtaa mzima, na sikuona pa kumwelekeza.